Kupima kingamwili za minyoo kwa kondoo: kuanzia sindano ya chanjo hadi kusoma majibu

Majibu ya maabara yakisema kondoo ana kingamwili za minyoo, la kwanza la kuuliza ni: kingamwili dhidi ya kitu gani? Mnyoo wa Haemonchus contortus, yule anayenyonya damu katika tumbo la nne, ana protini chungu nzima. Baadhi kondoo hukutana nazo kila anapomeza mabuu malishoni. Nyingine hakutani nazo kabisa, kwa kuwa zimo ndani ya utumbo wa mnyoo mwenyewe. Ukipima kwa antijeni (kitu cha mnyoo ambacho kingamwili hunata kwake) isiyolingana na swali lako, utapata namba nzuri ambazo hazikujibu chochote.

Chagua antijeni kabla ya kushika kondoo

Kuna maswali matatu ambayo watu huyachanganya.

La kwanza: je, chanjo imeshika? Chanjo ya Haemonchus iliyoingia sokoni Australia mwaka 2014 kwa jina la Barbervax imetengenezwa kwa protini za utando wa utumbo wa mnyoo, hasa zile zinazoitwa H11 na H-gal-GP. Dozi moja ni mililita 1, ndani yake mna mikrogramu 5 tu za antijeni pamoja na saponini ya kuamsha kinga. Mnyoo anaponyonya damu ya kondoo aliyechanjwa, anameza na kingamwili. Hizo hunata kwenye vimeng'enya vya utumbo wake, mmeng'enyo unavurugika, mayai yanapungua na mwisho mnyoo hufa au kutolewa. Kwa swali hili sahani ya ELISA (kipimo kinachoonyesha kingamwili kwa rangi) ipakwe antijeni hizo hizo za utumbo. Faida yake ni kubwa: kondoo asiyechanjwa, hata awe amejaa minyoo, atasoma karibu na sifuri. Akisoma juu, ama amechanjwa, ama sampuli zimechanganywa, ama antijeni yako si safi.

La pili: je, kondoo huyu amekutana na minyoo? Hapa hutumika dondoo la mabuu ya hatua ya tatu (L3) au majimaji yanayotolewa na minyoo wakubwa wakikuzwa maabara. Tahadhari ni kwamba minyoo ya tumbo na utumbo ya kundi hili, yaani Haemonchus, Teladorsagia na Trichostrongylus, inafanana sana kwa antijeni. Kipimo cha namna hii hakitaji aina ya mnyoo. Anayetaka aina akuze mabuu kutoka kwenye kinyesi kwa siku 7 hadi 10 katika nyuzijoto 25 hadi 27, kisha ayatambue kwa hadubini.

La tatu: je, kondoo huyu anajikinga vizuri? Hakuna kipimo cha IgG ya damu (aina kuu ya kingamwili kwenye damu) kinachojibu hili peke yake. IgG nyingi dhidi ya mabuu inaweza kumaanisha kinga nzuri, au inaweza kumaanisha tu kwamba malisho yamejaa mabuu. Kwa Teladorsagia circumcincta, IgA (aina nyingine ya kingamwili) ya kwenye utando wa tumbo ndiyo inayohusiana na minyoo kuwa mifupi na kutaga mayai machache. Huko New Zealand hupima IgA ya mate dhidi ya antijeni ya kabohaidreti iliyo juu ya ngozi ya mabuu, iitwayo CarLA, na kuitumia kuchagua kondoo wa kuzalisha. Mate hupatikana kwa kuzungusha pamba kati ya shavu na fizi, na hakuna haja ya sindano.

Ratiba ya sampuli inafuata ratiba ya chanjo

Chanjo ya antijeni zilizofichika ina udhaifu mmoja unaotawala kila kitu: maambukizi ya malishoni hayaikumbushi kinga. Kondoo hajawahi kuziona protini hizo, na hataziona mpaka umdunge tena. Ndiyo maana wanakondoo hupewa dozi tatu za mwanzo zikiachana wiki 3 hadi 4, halafu dozi ya kurudia takriban kila wiki 6 msimu wote wa minyoo. Dozi mbili za kwanza huandaa mwili tu. Kinga ya kutegemea huja baada ya ya tatu, na hadi hapo dawa ya minyoo na uangalizi vinaendelea kama kawaida.

Kwa hiyo toa damu siku hizi:

- Siku ya dozi ya kwanza, kabla ya kudunga. Bila sampuli hii hutakuwa na msingi wa kulinganisha.
- Siku ya dozi ya tatu, kabla ya kudunga.
- Wiki 2 baada ya dozi ya tatu, wakati kingamwili zimepanda.
- Wiki 6 baada ya dozi ya tatu, kabla ya dozi ya kurudia. Hii ndiyo sampuli inayosema ukweli kuhusu pengo kati ya sindano.
- Wiki 2 baada ya dozi hiyo ya kurudia.

Ukilazimika kupunguza, acha ya mwisho, usiache ya kwanza wala ya nne. Weka pia kundi lisilochanjwa katika malisho yale yale, kondoo 10 hadi 15 kila upande, wa umri mmoja, waliogawanywa kwa kura na si kwa kuchagua wanene upande mmoja. Kondoo wote wavalishwe namba za masikio kabla ya siku ya kwanza. Rangi ya mgongoni hufutika kwa mvua, na sampuli ya wiki ya 6 isiyojulikana ni ya nani haina kazi.

Umri una uzito wake. Kondoo hapitishi kingamwili kwa kitovu. Mwanakondoo huzaliwa bila, na huzipata kwenye dang'a, nyingi zikiwa IgG1, tawi mojawapo la IgG. Utumbo wake huacha kuzipitisha baada ya takriban saa 24. Aliyenyonya dang'a ya mama aliyechanjwa atasoma chanya akiwa na wiki 3 bila kuwa amechanjwa, na namba hizo zitashuka kadiri wiki zinavyopita. Ukiona mwanakondoo anasoma juu siku ya kwanza kisha anashuka kufikia dozi ya tatu, usikimbilie kusema chanjo imekataa. Umepima kingamwili za mama zikiisha huku zake zikianza.

Upande mwingine ni kondoo jike anayekaribia kuzaa. Kuanzia wiki kama 2 kabla ya kuzaa hadi wiki 6 au 8 baadaye, kinga yake dhidi ya minyoo hulegea na mayai kwenye kinyesi huongezeka. Usimweke katika kundi moja na wasio na mimba halafu ukatafuta wastani.

Damu na kinyesi, siku moja

Simamisha kondoo, au mkalishe kwa matako mgongo wake ukiegemea miguu yako, kichwa kikiwa kimegeuzwa upande kwa nyuzi 30 hivi. Nyoa au tenganisha manyoya kwenye mfereji wa shingo. Bonyeza chini ya mfereji kwa kidole gumba na mshipa utavimba. Ugongegonge juu kidogo kwa kidole cha mkono mwingine na utauhisi ukitikisika. Tumia sindano ya geji 18 hadi 20, na chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda. Mililita 5 zinatosha kabisa. Kipimo chenyewe hakitumii hata mikrolita 50 za seramu (majimaji yanayobaki damu ikiganda), hivyo hakuna sababu ya kumnyonya mililita 20 kondoo ambaye tayari ananyonywa na minyoo.

Chukua pia mililita 2 kwenye chupa ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande) kwa ajili ya ujazo wa chembe nyekundu (PCV). Kawaida kwa kondoo ni asilimia 27 hadi 45. Mnyoo mmoja wa Haemonchus hupoteza damu kama mililita 0.05 kwa siku. Minyoo 2,000 ni mililita 100. Kwa hiyo PCV inashuka haraka kuliko mtu anavyodhani. Kondoo mwenye utando wa jicho uliopauka au uvimbe chini ya taya apewe dawa siku hiyo hiyo, na jambo hilo liandikwe kwenye daftari. Usimwache augue ili jaribio lako lipendeze.

Chupa ya seramu isimame saa 1 hadi 2 kivulini bila kutikiswa. Ukiitia kwenye barafu mapema, damu huganda vibaya na seramu hutoka chache. Ukiiacha juani au kwenye gari linaloruka mashimoni, chembe hupasuka na seramu huwa nyekundu. Zungusha kwenye sentrifuji kwa g 1,500 dakika 10, nyonya seramu bila kugusa donge, gawa kwenye vichupa viwili au vitatu vya mikrolita 200, halafu gandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Kugawa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: kichupa kimoja kinachoyeyushwa na kugandishwa mara tano hakikupi tena namba ya mwanzo.

Kinyesi kitolewe moja kwa moja kwenye puru kwa glavu, gramu 5 hivi, kikae kwenye ubaridi wa nyuzi 4 na kihesabiwe ndani ya siku chache, kwa sababu mayai yakiachwa kwenye joto hutotoa kabla hujayahesabu. Kwa mbinu ya McMaster, gramu 2 za kinyesi kwenye mililita 28 za maji ya chumvi yaliyoshiba, chuja, jaza vyumba vyote viwili vya mililita 0.15, subiri dakika 5, hesabu, zidisha jumla kwa 50. Hayo ndiyo mayai kwa gramu.

Kuendesha ELISA

Hizi ni hatua za kipimo cha kawaida cha IgG kwenye sahani ya vishimo 96:

1. Paka antijeni: mikrogramu 1 hadi 5 kwa mililita katika bafa ya kaboneti ya pH 9.6, mikrolita 100 kila kishimo, usiku kucha kwa nyuzi 4.
2. Osha mara 3 hadi 5 kwa bafa ya fosfeti yenye Tween 20 (aina ya sabuni) asilimia 0.05. Gonga sahani juu ya karatasi nyonyaji kila mara.
3. Ziba nafasi zilizobaki kwa saa 1 katika nyuzi 37.
4. Weka seramu zilizozimuliwa, kila moja kwenye vishimo viwili, saa 1. Osha.
5. Weka kingamwili dhidi ya IgG ya kondoo iliyounganishwa na kimeng'enya cha peroksidesi (HRP), saa 1. Osha vizuri zaidi ya mwanzo.
6. Weka TMB (kemikali inayogeuzwa rangi na HRP), gizani, dakika 10 hadi 15. Simamisha kwa asidi ya salfuriki, kisha soma kwa nanomita 450.

Orodha hii inaonekana nyepesi, lakini kondoo ana mitego yake. Mkubwa ni hatua ya 3. Maabara nyingi huziba kwa unga wa maziwa ya ng'ombe kwa sababu ni rahisi kupata. Maziwa ya ng'ombe yana IgG ya ng'ombe, nayo inafanana sana na ya kondoo, hivyo kingamwili ya hatua ya 5 huishika. Matokeo yake ni mojawapo kati ya mawili: sahani nzima inakuwa buluu, au, maziwa yakiwa kwenye bafa ya kuzimulia, yanaila ile HRP yako na kondoo wote wanasoma chini. Tumia gelatini ya samaki au unga wa soya. Ukitaka uhakika, acha vishimo vinne bila seramu ya kondoo lakini vyenye kila kitu kingine. Vikigeuka rangi, tatizo liko kwenye kuziba au kuosha, wala si kwenye kondoo.

Mtego wa pili ni azidi ya sodiamu, dawa inayowekwa kwenye bafa ili isiote ukungu. Azidi huua HRP. Sahani isiyotoa rangi kabisa, hata kwenye seramu chanya, mara nyingi imeoshwa kwa bafa ya zamani yenye azidi.

Mtego wa tatu ni vishimo vya pembeni. Sahani zikipangwa nne juu ya nyingine ndani ya joto, zile za katikati huchelewa kupata moto na vishimo vya kingo hupata kabla. Tandaza sahani, funika, na usiweke kondoo wote waliochanjwa kwenye safu za pembeni huku wasiochanjwa wakiwa katikati. Changanya makundi kwenye sahani. Sampuli zote za kondoo mmoja, kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho, zipimwe kwenye sahani moja siku moja. Kulinganisha namba ya Machi na ya Juni zilizosomwa kwenye sahani mbili tofauti ni kulinganisha sahani.

Kiwango cha kuzimua kitafutwe kwa majaribio. Kwa kondoo aliyepata dozi tatu, 1:100 hujaza mashine na kila mtu anasoma juu sawasawa, tofauti zote zinapotea. Anza na mfululizo wa 1:200, 1:800, 1:3,200, 1:12,800 na 1:51,200 kwa kondoo watano wa kila kundi, kisha chagua palipo na mteremko. Vishimo viwili vya sampuli moja vikitofautiana zaidi ya asilimia 15, rudia.

Kugeuza rangi kuwa jibu

Usiripoti usomaji mtupu wa mashine. Kwenye kila sahani weka seramu chanya na seramu hasi za kudumu, kisha kokotoa: usomaji wa sampuli toa wa hasi, gawa kwa chanya toa hasi, zidisha kwa 100. Kama hasi ni 0.10, chanya ni 1.60 na sampuli ni 0.85, una 0.75 juu ya 1.50, yaani asilimia 50. Mpaka wa chanya wengi huuweka kwenye wastani wa kondoo hasi pamoja na mikengeuko sanifu mitatu. Hapo sharti kondoo hasi wawe hasi kweli: waliokuzwa ndani bila kugusa malisho kwa swali la kukutana na minyoo, ila kwa antijeni za utumbo wanaofaa zaidi ni wasiochanjwa waliokwisha kuambukizwa malishoni.

Sasa weka namba hizo kando ya mayai. Wasiochanjwa wakiwa na wastani wa mayai 2,400 kwa gramu na waliochanjwa 360, punguzo ni 1 toa (360 ÷ 2,400), sawa na asilimia 85. Makundi yote mawili lazima yawe yamepata dawa ya minyoo siku moja, au yote yasipate. Ukiwapa dawa waliochanjwa peke yao kwenye dozi ya tatu, kwa wiki kama 3 zinazofuata utakuwa unapima dawa, kwa kuwa mabuu mapya huchukua takriban siku 18 hadi 21 kuanza kutaga.

Kingamwili juu na mayai bado mengi? Fanya ukuzaji wa mabuu kwanza. Mara nyingi utakuta mayai si ya Haemonchus. Chanjo hii haigusi Trichostrongylus wala Teladorsagia, na mayai yao chini ya hadubini hayatofautiki kirahisi.

Kingamwili chini kundi zima? Angalia friji: chanjo hukaa nyuzi 2 hadi 8, na iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri. Kisha angalia tarehe. Dozi ya kurudia iliyosogezwa hadi wiki ya 9 au 10 huacha dirisha wazi. Kisha chakula, hasa protini, kwa maana mwanakondoo aliyekonda hutengeneza kingamwili kwa shida.

Kingamwili chini kwa kondoo wawili watatu tu, wenzao wakiwa juu? Sindano iliishia kwenye manyoya. Chanjo hudungwa chini ya ngozi, juu ya shingo. Vuta ngozi iwe hema, ingiza sindano kwenye mkunjo, na pitisha kidole pale ulipotoa. Kikilowa, dozi haikuingia. Hata hivyo, kila kundi huwa na wachache wasiojibu vizuri hata ukifanya kila kitu sawa, na hao ndio wa kuangaliwa macho na PCV kila wiki mbili.

Vimelea vingine, usomaji mwingine

Kwa mnyoo wa ini, Fasciola hepatica, kingamwili dhidi ya kathepsini L (kimeng'enya cha mnyoo huyo) huonekana wiki chache tu baada ya maambukizi, wakati mayai hayatoki hadi wiki ya 8 hadi 12. Hapo kipimo cha damu kinakishinda kwa uzuri kipimo cha kinyesi. Lakini kingamwili hizo haziashirii kinga. Kondoo huambukizwa tena na tena huku akisoma juu. Tena hubaki miezi kadhaa baada ya minyoo kufa, hivyo usizitumie kuamua kama dawa imefanya kazi. Kwa hilo tafuta antijeni ya mnyoo kwenye kinyesi.

Kwa Toxoplasma, kimelea kinachofanya kondoo watupe mimba, chanjo hai hutolewa mara moja, angalau wiki 3 kabla ya kupandisha. Kipimo cha kawaida hakitofautishi aliyechanjwa na aliyeambukizwa, basi sampuli ya kabla ya chanjo ndiyo pekee yenye kauli. Mwanamke mjamzito asiishike chanjo hii.

Kwa Echinococcus granulosus, tegu wa mbwa ambaye buu lake huota vifuko ndani ya viungo vya kondoo, chanjo ya EG95 hutolewa dozi mbili zikiachana kama mwezi mmoja. Kingamwili zake huua buu linapotoka kwenye yai, kabla halijawa kifuko. Vifuko vilivyokwisha kukaa kwenye ini na mapafu havitikisiki, na kondoo mzee aliyechanjwa akichinjwa akakutwa navyo si ushahidi kwamba chanjo imeshindwa. Linganisha wale waliochanjwa wakiwa wadogo, na ukague viungo vyao kwa kuvikatakata vipande vyembamba badala ya kuvitazama kwa juu.